Picha ya Mzee wa Soweto

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Iringa, Mratibu wa shirika alinikabidhi simu ya kugusa ikiwa bado kwenye boksi lake. Nilikuwa nimetoka Mgololo, nilikopiga chapa barua za ofisi kwa miaka mingi, na sikuwahi kumiliki simu ya namna ile. Kazi yenyewe ilikuwa kuvifundisha vikundi vya hisani, vya yatima, wajane, wazee na walemavu, jinsi ya kujitangaza mtandaoni.

"Bosi, mimi mwenyewe sijui," nikamwambia.

"Unajua kuongea na watu, mama. Hayo mengine utajifunza hukohuko mbele yao."

Mikutano yetu tuliiita kliniki ya simu. Vikundi vinane au kumi vilikusanyika kwenye ukumbi wa usharika, kila kimoja na simu moja, nami nikazunguka meza kwa meza. Tulianza na kufungua ukurasa, ambao ni kama ubao wa matangazo wa kikundi. Kisha kuposti, yaani kubandika picha na maneno. Kisha kushea, mtu akipenda tangazo lako alipeleke kwa wenzake. Nusu ya asubuhi iliishia kwenye kutafuta nywila zilizosahaulika. Nilichofundishwa meza hii, nilikwenda kukifundisha meza ya pili kana kwamba nilizaliwa nakijua.

Baadaye nikahamishiwa Mbeya, chini ya Meneja wa Kanda, kijana mpole aliyependa namba. Salamu yake ilikuwa, "Wameshea wangapi?"

Katika kliniki moja mtaa wa Soweto alikuja Mama Sekela, mlezi wa nyumba ya wazee. Alikuwa na mzee aliyekutwa stendi, asiyekumbuka jina wala kwao. Walimwita Babu Jumapili, kwa siku aliyoletwa. Mama Sekela akaniuliza aposti nini. Nikamwambia apige picha ya mzee, aandike: Nani anamfahamu? Tukaweka namba yangu, maana simu yake ilikuwa haikai na chaji. Babu tulimwomba ruhusa, akasema ndiyo. Sikujua bado kwamba alisema ndiyo kwa kila kitu.

Simu haikunyamaza wiki nzima. Jumamosi wakaja watu wawili kwa pamoja. Wa kwanza alikuwa Bi. Zuhura, muuza vitenge wa hapo mjini.

"Kaka Idrisa," akasema.

"Ndiyo, dada," Babu akajibu.

Wa pili alikuwa Lusungu, mwanamume wa makamo kutoka Mgololo. Akapiga magoti, akamshika mkono. "Baba."

"Ndiyo, mwanangu."

Mama Sekela akaniangalia, nami nikamwangalia yeye. Bi. Zuhura akaomba kuona mgongo wa mzee, kwa kuwa kaka yake aliungua mgongoni kwa uji utotoni. Mgongo ulikuwa safi. Akajifunga ushungi wake vizuri, akamwachia mzee machungwa aliyomletea, akaondoka.

Nikamuuliza Lusungu baba yake alikuwaje.

"Mrefu. Mlangoni alikuwa anainama."

Babu alikuwa hamfikii begani. Lusungu akaniuliza, "Wazee si hufupika, mama?"

"Hufupika kidogo," nikajibu. Mpaka leo sijui kama nilimsaidia au nilimdanganya.

Mama Sekela hakukubali mzee achukuliwe, ila alimruhusu Lusungu kuja kumwona. Akawa anakuja kila mwezi na viazi, mara moja na sweta. Mimi nikaifuta picha, lakini waliokuwa wameihifadhi waliiposti upya, na mmoja akaandika kwamba wanawe wamemtupa. Lusungu akanionyesha.

"Hawa wananisema mimi?"

Nikaenda kwa Meneja.

"Mama, picha imefika hadi nje ya nchi," akasema.

"Lakini mzee bado hana jina, bosi."

Akaandika kitu kwenye daftari lake.

Babu alifariki wakati wa baridi kali. Mtu mwingine hakujitokeza, kwa hiyo Lusungu alimpeleka Mgololo akamzika. Nilihudhuria. Msalabani aliandika jina la baba yake, na hakuna aliyeuliza.

Sasa nimestaafu. Vijana wanaoendesha kliniki hizo wakinitembelea, huwa nawaambia kwamba kabla ya kumfundisha mtu kuposti, wamuulize nani atapokea simu, na atasema nini. Zaidi ya hapo naona kazi ile sikuielewa sawasawa, ingawa niliipenda.

Namba yangu ni ileile. Majuzi alipiga mwanamke aliyeiona picha siku hiyohiyo.

"Huyo mzee yupo?"

"Alifariki, mwanangu."

"Nani alimzika?"

"Mwanawe," nikasema.

"Sisi kwa baba yetu tulizaliwa wasichana watupu," akasema.

Nikamuuliza baba yake aliitwa nani. Nikaenda kutafuta kalamu.