Makopo Matatu ya Zinki

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya sabuni ya sakafu, mwanangu, kwa sababu daktari aliponiuliza swali niliinamisha kichwa nikaangalia sakafu tu. Lakini ngoja nianzie mwanzo, mdomo wangu hupenda kukimbia.

Nilikuwa kijana hapa Kangundo, mwaka wa elfu mbili na kitu, nauza makopo ya vidonge vya madini. Ungeniona! Nilisimama kwenye vyama vya akina mama, kutoka hapa mpaka Katangi, na blauzi nyeupe kama ya muuguzi, nikihubiri kwamba zinki inaongeza kinga. Nilifunzwa kwa semina ya siku mbili, nikajiona daktari kamili.

Kisha dada yangu Mutheu akapatikana na saratani ya mlango wa kizazi. Hospitalini Nairobi wakaanza kumtundikia dawa mshipani. Ilimtapisha hata maji, lakini uvimbe ulipungua, tukashukuru. Mimi nikampelekea makopo matatu ya vidonge vyangu.

"Meza viwili kila siku," nikamwambia. "Na daktari usimwambie, hao hawapendi vitu vyetu."

"Niko na kichefuchefu, mwiitu wa mwaitu." Ndivyo tulivyoitana, binti ya mama yangu. "Lakini nitameza, ndio ufurahi."

Baada ya miezi kadhaa uvimbe ukarudi na dawa ikashindwa. Daktari, mama mmoja wa makamo, akaniuliza kama mgonjwa anatumia kitu kingine. Nikasema hapana. Mutheu akaniangalia. Daktari akauliza tena, ndipo nikatoa kopo kama hayo mkobani mwangu.

Alilisoma polepole. Akanieleza kwamba ndani ya seli zetu kuna protini ndogo ambazo kazi yake ni kushika madini, yasizidi yakatudhuru. Zinki ikiingia kwa wingi, mwili unaweza kuzitengeneza zaidi. Sasa ile dawa ya Mutheu imetokana na platinamu, nayo ni madini. Seli ya saratani ikijaa protini hizo, huidaka dawa kabla haijafanya kazi.

"Kwa hivyo ni mimi ninayemuua?"

"Sijui," akasema. "Na wewe hutajua. Kuna uvimbe unaojizidishia protini hizo bila kusaidiwa na mtu. Lakini mimi nilikuwa natibu nimefungwa macho, na aliyenifunga ni wewe."

Heri angenitukana.

Mutheu alifariki kabla ya mvua za Novemba. Baada ya mazishi niliingia jikoni kwake kupikia wageni, nikatafuta chumvi. Nikaikuta ndani ya kopo moja nililompelekea. La pili lilikuwa na sukari, la tatu majani ya chai. Ameyaosha, yanang'aa. Alimeza vidonge vyote, mwanangu, kwa koo lile lililokataa maji.

Watu huniambia ni mpango wa Mungu. Miaka yote hii, maneno hayo hayajanituliza hata siku moja.

Basi nisikie. Ukiwa na mgonjwa, kila anachomeza, hata kama ni mizizi aliyochimba nyanya yako, kiweke mbele ya daktari akiuliza mara ya kwanza. Na usimlazimishe mtu anayekupenda, maana atakubali.

Mungu akupe ulimi wa kusema ukweli mapema, na chumvi ya nyumbani kwako uile bila kulia. Mimi, lile kopo la chumvi ninalo mpaka leo.