Asubuhi Binti Yangu Alipotuongoza Mtoni Murembwe

Binti yangu ana kigugumizi tangu alipoanza kusema. Nyumbani tulizoea kumsubiri. Shuleni hawakumsubiri, kwa hiyo akawa mtu wa kukaa kimya na kutazama. Alichotazama zaidi ni ndege. Mama yake alimpatia darubini kuukuu aliyoinunua soko la Rumonge, kioo kimoja kina ufa, naye akaanza kushinda mtoni kila Jumapili baada ya misa.

Masika ya mwaka jana walimu wachache wa Bujumbura walitaka kuja kuona ndege wa Murembwe, pale mto unapotoka kwenye michikichi na kuingia ziwani. Mwalimu wa shule yake akaniuliza nani anaijua njia. Kabla sijajibu, binti yangu akasema, "Mi-mimi, papa. Nitawapeleka."

Sikulala vizuri, naona hakuna haja ya kuficha. Niliomba niende naye, akakubali kwa sharti moja: nitembee nyuma kabisa na nisimsaidie kusema.

Tulianza mapema, mvua ya usiku bado inadondoka kwenye majani. Mbayuwayu walikuwa wamejaa kwenye waya wa umeme. Akatueleza kwamba wako karibu kuondoka, wanarudi Ulaya ambako baridi inaisha, na kwamba watavuka jangwa zima kwa mabawa yale madogo. Alichukua muda mrefu kulimaliza neno "jangwa". Mwalimu mmoja mwenye kofia akamsaidia, "Jangwa, jangwa." Binti yangu akamgeukia, akamshukuru kwa adabu.

"Murakoze, mwalimu. Lakini unisubiri. Ni-nitalisema mwenyewe."

Akalisema. Yule mwalimu akavua kofia, akasema, "Unisamehe, mwanangu," na tangu hapo hakuna aliyemkatiza. Nyuma kule nilikuwa natazama viatu vyangu, maana macho yalikuwa yananisumbua.

Tukaona mdiria mweusi kwa mweupe akisimama hewani, kisha akijitupa majini kama jiwe na kutoka na samaki. Tukaona minana wakifuma viota juu ya matete. Njia ikawa nyembamba, matete yakatuzidi urefu, na mwalimu wa kofia akatangulia kidogo ili apige picha.

Ghafla yangeyange wote waliokuwa mbele yetu waliruka pamoja. Binti yangu alimshika yule mwalimu kwa mkono wa shati, akamrudisha nyuma, na mkono mwingine akauinua juu tusimame. Tukasimama sote. Matete yakapasuka, kiboko akatoka kwenye shamba la mihogo, mgongo unang'aa kwa matope, akakata njia yetu palepale mwalimu alipotaka kupiga magoti apige picha, akaingia mtoni.

"Ulijuaje?" mwalimu akamuuliza.

"Yangeyange hawakimbii watu wa hapa. Wa-wametuzoea. Wakiruka wote hivyo, iko kitu kikubwa."

Akaturudisha kwa njia ya juu, kupitia michikichi, akiendelea kutuonyesha ndege kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tulipofika barabara kuu, mama mmoja anayeuza mawese alituona tulivyochafuka, akatusalimu.

"Amahoro. Munatoka wapi na matope yote hayo?"

"Mutoni," nikasema. "Huyu mutoto wangu ndiye alitupeleka."

Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika. Abiria waliokuwa wakingoja basi la Nyanza-Lac wakageuka kumtazama. Binti yangu akanivuta shati, anaona haya, lakini alikuwa anacheka. Siku hizi anapeleka watu mtoni kila mwisho wa mwezi, nami simo tena kwenye msafara. Alisema nakohoa sana, nawafukuza ndege.