Tairi la Zamu

Katika Alunguli, mtaa wa mji wa Kindu, wako wanawake wanaoogopa nyoka, wengine wanaogopa mamba, na wengine mama wakwe zao. Euphrasie, muuza chikwanga, ile mikate ya muhogo, alikuwa akiogopa tairi. Lilikuwa la mbele la pikipiki, jeusi, lenye meno makubwa, nalo lilitundikwa kwenye ukuta wa jiko lake juma zima, kando ya ungo. Kila alipoinama kuchochea moto alilihisi mgongoni. Majirani wangejua wangemcheka, maana tairi halina mdomo wala halina miguu. Lakini majirani hawakuwa na kumbukumbu aliyokuwa nayo yeye, isipokuwa mmoja.

Tairi hilo halikuwa la mwanawe Destin peke yake. Lilikuwa la vijana sita, wote motari, wanaobeba abiria siku sita za juma. Siku ya saba, badala ya kupumzika kama Mungu mwenyewe alivyopumzika, walikwenda kushindana mbio kwenye barabara ya Kalima, pale udongo mwekundu unaposhuka bondeni, ukavuka kijito na kupanda tena. Zawadi haikuwa kubwa: jogoo, au chupa chache za bia. Waliyoitaka hasa ilikuwa sifa, na kwa ajili ya sifa kijana wa Kindu yuko tayari kulala njaa.

Shida yao ilikuwa matairi. Ya kazini yalikuwa yamelika hata yakawa na upara, na kwenye udongo wenye maji yaliteleza ovyo. Ya mbio, yenye meno, yalikuwa kwa Wilfried, mfanyabiashara wa Butembo mwenye duka Kasuku, ng'ambo ya mto. Wilfried hakuwadanganya, tumpe haki yake. Aliwaambia wazi kwamba matairi yake yamekwisha kutumika huko Goma, na kwamba mapya yangewashinda.

"Hii ilisha kukimbia na wengine," alisema akiligonga moja kwa ngumi. "Lakini nguvu iko. Mupige wenyewe, musikie."

Wakalipiga, wakasikia, wakaridhika. Mtu akitaka kitu kwa bei ya chini, sikio lake huwa jepesi. Jozi ya matairi iliwashinda hata walipojumlisha mifuko yao, wakachukua la mbele tu, kwa kuwa hilo ndilo linaloamua kama utapinda kona au utaifuata miti. Na kwa kuwa wote sita walikuwa na pikipiki za aina moja, walifanya kama mama zao wanavyofanya sokoni: wakaunda likelemba. Mama zao huchanga pesa zikazunguka kwa zamu. Wao walizungusha tairi. Kila Jumapili mmoja alilifunga kwenye pikipiki yake, na Jumamosi iliyofuata likahamia kwa mwingine. Sheria ilikuwa moja: likiharibika mikononi mwako, unaleta jingine.

Kura ikapigwa. Zamu ya kwanza ikamwangukia Okito, kitinda mimba wa Germaine, jirani ya Euphrasie. Ya mwisho ikamwangukia Destin.

Destin alirudi nyumbani na habari hiyo akicheka. Euphrasie alikuwa anafunga chikwanga kwenye majani, na mikono yake ikasimama.

"Ya mwisho? Juu ya nini wewe njo wa mwisho?"

"Njo kura, Mama. Kila mutu na bahati yake."

"Hauwezi kubadilisha na mwenzako?"

"Likelemba haibadilishake, Mama. Wewe mwenyewe unajua."

Ndiyo, alijua. Alijua kuliko wote sita pamoja.

Mwaka ule wa vita, mji ulipozungukwa, askari walikuwa ndani na wapiganaji wa Mai-Mai msituni, na mtu wa kawaida alikuwa katikati akishukiwa na pande zote mbili. Treni ilikuwa haiji. Chumvi ilipimwa kwa kijiko, na watoto walivimba miguu kwa njaa. Mwenye baiskeli alikuwa bado na tumaini kidogo, maana aliweza kupenya kwenye vijia, akafika mashamba ya mbali na kurudi na mihogo. Huko mtaani baiskeli zilikuwapo, matairi ndiyo yaliyokwisha. Watu walizungushia kamba kwenye rimu, wengine wakajaza majani. Tairi moja tu zima lilibaki kati ya nyumba nne, wakalifanyia likelemba. Leo linafungwa kwako, kesho kutwa kwangu. Sheria ilikuwa ile ile: anayeliharibu analeta jingine. Na jingine angelitoa wapi, katika mji ambao hata kiberiti kilikuwa kinaazimwa?

Zamu ya mwisho ilikuwa ya Aimé, mume wa Euphrasie. Tairi lilitoka nyumbani kwa Germaine, ambaye mume wake alikuwa amerudi salama na kikapu cha mihogo. Germaine alilileta mwenyewe, akaliegemeza mlangoni. Euphrasie, mimba ya Destin ikiwa imekua, akauliza kama mtu yeyote anavyouliza, iko sawa?

"Imetubeba vizuri," Germaine akajibu. Akaaga, akaenda zake.

Aimé aliondoka asubuhi na wanaume wengine wawili. Mbele kidogo ya kijito risasi zikaanza kulia, wakainama juu ya baiskeli na kukanyaga kwa nguvu zote. Wawili walipita. Tairi la Aimé likapasuka. Wenzake waligeuka mara moja tu, wakamwona anakimbia kwa miguu huku akiiburuta baiskeli, kwa sababu hakutaka kuacha tairi la watu. Walipothubutu kurudi, waliikuta baiskeli kwenye majani. Yeye hakupatikana, si siku ile wala siku nyingine.

Waliileta baiskeli kwa mjane. Euphrasie alilivua tairi mwenyewe, bila kujua anatafuta nini. Ndani, chini ya kiraka cha mpira, akaona mpasuko wa urefu wa kidole, ulioshonwa kwa uzi mwekundu, mishono midogo midogo, mizuri, ya mtu mwenye kazi yake. Mtaani fundi wa nguo alikuwa mmoja tu, naye alikuwa Germaine.

Hakusema. Mwanzoni hakuwa na nguvu ya kusema, halafu akakosa siku ya kusema, na mwisho kimya kikawa mtu wa nyumbani. Germaine ndiye aliyempokea Destin alipozaliwa. Germaine ndiye aliyekuja na uji. Waliazimana chumvi, walizika pamoja, walikaa benchi moja kanisani, na watoto wao walikua wakipita kwenye tundu moja la ua wa mianzi. Mtu wa mbali angesema hawa ni dada wawili. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na Euphrasie aliivaa nguo hiyo kila siku na kuifunga vizuri.

Basi, tairi la vijana likaanza kuzunguka. Okito alikimbia nalo likiwa na meno yake yote, akajishindia jogoo. Wa pili alianguka kijitoni, akavunjika mfupa wa bega. Wa nne alisema gurudumu linarukaruka kwenye kona, wenzake wakamwambia roho yake ndiyo inayorukaruka. Kila Jumapili Euphrasie alijifanya ana safari upande ule ili alitazame, na kila alipolitazama meno yalikuwa yamepungua. Lilikuwa linakuja kwake polepole, nyumba kwa nyumba, kama lile la kwanza.

Mwishowe, Jumamosi moja, likafika, likatundikwa jikoni.

Siku ile ile Destin alikwenda mtoni kuosha pikipiki. Euphrasie akafunga mlango wa jiko, akachukua kisu cha kukatia sombe, majani ya muhogo. Mpira wa tairi haukatiki kama majani. Alilikalia, akatafuta ubavu, pale ambapo mpira ni mwembamba, akasukuma kisu mpaka jasho likamwingia machoni. Alipochomoa kisu akaona urefu wa jeraha, kidole kimoja. Hakuwa amekusudia iwe hivyo. Akalirudisha ukutani, jeraha likitazama udongo wa ukuta.

Mpango wake ulikuwa rahisi. Mtoto angeona, angelaani mawe ya barabarani, angekaa nyumbani. Yeye angeuza mbuzi wake wawili na vitenge vyote vya sandukuni ili Destin anunue jingine kwa Wilfried, na mtu asingekufa kwa kulipa. Lakini alisahau anaishi mji gani. Kindu tairi halifi. Likichoka pikipiki linakuwa kamba ya ndoo, likichoka kamba linakuwa ndara. Na lililopasuka linashonwa. Kati ya watu wote wa Alunguli, yeye ndiye ambaye hakupaswa kulisahau hilo.

Jumapili, walipotoka misani, alisikia pikipiki zinaunguruma upande wa barabara ya Kalima. Akaenda nyumbani moyo ukiwa mtulivu, akafungua jiko. Ukuta ulikuwa mtupu.

Hakumbuki alivyofika. Alikuwa na viatu vya kanisani mkononi na matope magotini. Pikipiki zilikuwa zimekwisha kuteremka bondeni, na kutoka juu alipoangalia aliona migongo tu. Ule mmoja wenye fulana ya njano ulikuwa wa mtoto wake. Alimwona anaingia kijitoni, maji yakaruka, gurudumu la mbele likayumba kushoto, likayumba kulia. Euphrasie aliita jina, lakini lililomtoka lilikuwa la Aimé. Halafu fulana ya njano ikapanda upande wa pili pamoja na wengine, mtoto akiwa mzima.

Destin alimaliza wa tatu. Alikuja akicheka, meno tu ndiyo yaliyokuwa meupe. Mama yake akamshika mabega, akamshika kichwa, akamshika vidole kimoja kimoja, mpaka kijana akaona haya mbele ya wenzake na kumvuta kando.

"Mama, nakuambia kitu, lakini usiseme kwa mutu. Ile pneu jiwe iliikata, sijui saa gani. Nilishona na nylon ya wavuvi, nikatia kiraka ndani. Uliona? Ilishika!"

"Wenzako wanajua?"

"Niwaambie ili nilipe? Hapana, Mama. Wameona tu vile ilikimbia. Wanasema ingali na nguvu, tunaanza muzunguko ingine."

"Nani anaanza?"

"Sawa na kura ya kwanza. Okito."

Euphrasie akakaa chini pale pale, kwenye majani ya kando ya barabara. Destin alidhani ni furaha.

Juma lile Euphrasie alienda mara nyingi mpaka kwenye ua wa mianzi, na kila mara alirudi. Akisema tairi limepasuka, Destin ni mwongo mbele ya wenzake. Akisema nani alilikata, yeye ni mchawi mbele ya mtaa mzima. Lakini hayo yote yangevumilika, na tusifiche: kulikuwa na jambo jingine. Ndani yake kulikuwa na mtu aliyekaa kwenye kiti tangu siku ile ya uzi mwekundu, akingoja, na mtu huyo hakuwa anataka aende kusema. Euphrasie alimwogopa mtu huyo kuliko alivyoliogopa tairi. Siku moja Okito alimpokea ndoo ya maji kisimani, akaibeba mpaka mlangoni, akamwita Mama mukubwa kama kawaida yake. Usiku ule Euphrasie hakula.

"Umwambie Okito," alimwambia Destin siku ya Ijumaa. "Umwambie tu yeye."

"Ilinibeba mimi, itamubeba na yeye," Destin akajibu, akawasha pikipiki na kwenda kazini.

Jumamosi Okito akaja, anapiga mluzi. Jua lilikuwa kali. Nyuma ya ua, Germaine alikuwa anatwanga sombe, mchi unapanda na kushuka. Euphrasie alilitungua tairi mwenyewe. Kidole chake kilipita juu ya mishono ya nailoni, mikubwa, ya haraka, ya mtoto ambaye hakufundishwa kushona. Okito akalitia begani bila kulitazama. Kwa nini alitazame? Limetoka nyumbani kwa Mama mukubwa.

"Aksanti, Mama. Kesho utakuja kuniangalia?"

Euphrasie akafungua mdomo. Neno lilikuwa limefika, lilikuwa kwenye ulimi, naapa lilikuwa pale. Okito alingoja kidogo kwa heshima, kisha akatabasamu, akatoka kupitia tundu la ua, akashika njia ya barabara kubwa.

"Mama Destin!" Germaine aliita kutoka upande wa pili, bila kuacha kutwanga. "Ile pneu ya watoto iko sawa?"

Aliyejibu alikuwa yule wa kwenye kiti. Sauti ilitoka nyepesi, ya ujirani, kama mtu anayerudisha kikombe cha chumvi.

"Imetubeba vizuri."

Mchi ukapanda, haukushuka. Kisha Germaine akaita jina la mwanawe, mara ya kwanza kwa sauti ndogo, mara ya pili kwa kupiga kelele, na kule barabarani pikipiki ya Okito ilikuwa imekwisha kuwaka.