Kikombe Nilichokiweka Chini

Mwenzangu, miye kahawa ya Washami naijua tangu nina miaka tisa, na tangu mwaka huo sijathubutu kukiweka kikombe chake chini kabla ya kukimaliza, ila mara moja tu. Naogopa. Utanicheka, mwanamke mzima, mfanyabiashara, ninayegombana na kila laoban, Mchina mwenye duka, pale soko la Shahe kwa bei ya nguo za watoto mpaka wakiniona tu wanashika kichwa, halafu naogopa kikombe kisichozidi kidole gumba. Cheka tu. Ngoja nikueleze kwanza, kisha utaniambia.

Wiki iliyopita nilitoka sokoni nimechoka, mifuko miwili begani, nikapita mtaa wetu wa Dengfeng. Katikati ya Mkongo anayeuza simu na yule mbadilisha fedha, pamefunguliwa mkahawa mdogo wa Mshami mmoja, mtu wa makamo. Kahawa yake anaikaanga na kuitwanga mwenyewe, na iliki ndani. Harufu ilinikamata mguu, nikaingia. Akanimiminia kutoka birika la shaba, birika mkono wa kushoto, kikombe kisicho na kishikio mkono wa kulia, na hapohapo, na zile pikipiki za umeme zinanguruma nje, nikakiona kile kijiji cha mawe meusi kama nimefika jana.

Baba yangu alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, ami yangu. Alikwenda Damascus kusoma, na kila msimu wa zeituni alikuwa akienda kijiji kimoja kusini ya mji, kwao mwanafunzi mwenzake, kuwasaidia kuchuma. Mwaka wa tatu homa ikamshika hukohuko. Siku nne tu, basi. Wenyeji wakamwuguza, wakamwosha, wakamzika katika makaburi ya wazee wao. Sisi Unguja tukapata barua. Bibi, mama yake, hakuona mwili wala kaburi, na kilichomkaa rohoni ni kofia: kofia ya kiua aliyomshonea kwa mkono wake miezi mitano, kitundu kwa kitundu, akamvika siku ya safari. "Sitaki nguo, sitaki vitabu," alikuwa akisema. "Nataka ile kofia tu niinuse." Baba alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, fedha za kubabaisha, lakini baada ya miaka mingi alipata nauli. Nami nikachukuliwa kwa sababu Bibi alikuwa halali bila miye ubavuni.

Lo, kijiji kile! Nyumba zote za mawe meusi, meusi kama masizi ya chungu, na juu yake mbingu imekaa karibu mno. Baridi sijapata kuiona mfano wake. Asubuhi ya kwanza nilipofungua mdomo ukatoka moshi, nikapiga ukelele nikidhani naungua tumboni, na mlango mzima wa watu ukaangua kicheko. Kwani walikuwa wameshajaa mlangoni. Huyu kaleta mayai, huyu tini kavu, huyu chupa ya mafuta ya zeituni ya kijani kibichi. Majirani walikuwa wakigombana nani atulishe, wanagombana kwelikweli, kwa sauti, na Baba anatafsiri kwa Kiarabu chake cha vitabuni huku anaona haya. Miye nilistaajabu. Kwetu mgeni anakirimiwa, lakini hawa walikuwa wananyang'anyana mgeni.

Mama mwenyeji, mama wa yule mwanafunzi, alimpokea Bibi kizingitini. Hawakuwa na hata neno moja la kuambiana. Walishikana tu, wakalia, wakafutana machozi kwa ncha za mitandio yao, kisha mama mwenyeji akamshika mkono akampeleka moja kwa moja kaburini. Kaburi lilikuwa safi, limepandwa mauwa pembeni. Bibi aliligusa jiwe, akaniambia, "Wamemtunza." Akarudi ametulia. Nikadhani yamekwisha.

Siku zile zilikuwa za kuchuma. Tulitandika mikeka chini ya mizeituni, wanawake wakichapa matawi kwa fimbo na kuimba, na zeituni zikitunyeshea vichwani. Nilipoziona zile nyeusi, mate yalinijaa. Zambarau! Nikafakamia tatu kwa mpigo. Wallahi, mwenzangu, uchungu ule sikuwahi kuuonja hata kwenye mwarobaini. Nilitema, nikapangusa ulimi kwa kanzu yangu, na wale wanawake walikaa chini kabisa kwa kucheka. Tukirudi, mkate ulikuwa unabandikwa kwenye tanuri la udongo, unatolewa una malengelenge, tunauchovya mafuta. Nilikula nikavimbiwa. Bibi ndiye aliyekuwa hali.

Sababu tuliijua. Ukutani, chumba cha wageni, juu ya jiko la kuni, ilikuwa imetundikwa ile kofia. Kila asubuhi mama mwenyeji aliishusha, akaipangusa vumbi, akaibusu, akairudisha kwenye msumari. Bibi alikuwa akimtazama, macho hayabanduki. Usiseme hakuwa na haki, aliishona yeye. Lakini atamkaje? "Mtu kamwosha mwanangu, kamkafini, kampa ardhi yake," alimnong'oneza Baba. "Nije nimwambie na hicho ulichobakisha nipe?" Baba naye hakuthubutu. Siku sita zikapita hivyo, Bibi anatafuna kipande cha mkate tangu asubuhi hadi jioni hakimeziki.

Siku ya kuondoka, baada ya sala ya adhuhuri, wazee wa kijiji walikuja kutuaga. Chumba kikajaa. Mzee mwenyeji, mume wa yule mama, akawa anamimina kahawa mwenyewe. Kikombe kimoja kinazunguka: unapewa tone, unakunywa, na ukitosheka unakitikisa kwa vidole, la sivyo atakumiminia mpaka kesho. Alipofika kwangu, kwa heshima tu, akanipa na miye.

Sasa kwetu, kama unavyojua, kahawa chungu haiji peke yake. Inakuja na kashata, au halua. Kwa hivyo nilifanya anachofanya mtoto yeyote wa Unguja: nikakiweka kikombe chini, mbele yangu, nikakunja mikono nikingoja kashata.

Aliyekuwa anacheka alikata kicheko katikati. Mzee mwenyeji akaliweka birika, akapiga magoti mbele yangu, mzee yule mwenye ndevu nyeupe, mbele ya kitoto cha miaka tisa chenye kamasi, akasema neno. Baba akageuka rangi.

"Anasema unywe kahawa yako," Baba akatafsiri. "Kwao mgeni akiweka kikombe bila kunywa, ana haja kubwa. Anasema haja yako umeshapewa. Uitaje."

"Nywa wewe, usinitie aibu!" Bibi akanifinya paja.

Miye nilitaka kashata, Mungu shahidi yangu. Lakini niliona wazee wote wale wananingoja, mikono magotini, kama naweza kuomba nyumba na mashamba nikapewa, na mwili ulinisisimka. Hata sasa unanisisimka nikieleza. Nikamtazama Bibi. Bibi, hata katika hasira yake, jicho moja lilikuwa ukutani. Nikanyoosha kidole. "Kofia ya ami," nikasema. "Ya Bibi."

Baba hakutafsiri. Mzee akamwuliza, kasema nini? Baba akayasema yale maneno huku anatazama zulia. Mzee akageuka kumtazama mkewe aliyekuwa amesimama mlangoni.

Mama mwenyeji alikuja polepole. Aliishusha kofia, akaibusu kama kila siku, akaipangusa kama kila siku, kisha akaiweka mapajani mwa Bibi na kumfunga vidole juu yake. Bibi akauzika uso mzima ndani yake. Sauti aliyotoa sitaisahau. Nikanyanyua kikombe nikanywa, kikiwa kimepoa, na hakuna aliyenikumbuka kwa kitamu.

Tulipokuwa tunatoka niligeuka nyuma. Moshi wa jiko ulikuwa umeutia ukuta weusi miaka yote ile, na pale ilipokuwa kofia pamebaki duara jeupe, safi, na msumari katikati. Mama mwenyeji alikuwa amesimama ameweka kiganja pale. Wakati ule niliona fahari, mwenzangu, miye niliyempa Bibi kofia yake! Nilipopata wanangu mwenyewe ndipo nilipoelewa nilimwomba nini yule mama, na kwamba hakuwa na namna ya kukataa.

Bibi aliilalia kofia ile mpaka siku aliyotutoka. Usiku wake wa mwisho alinipa, akasema, "Iliazimwa, mwanangu. Ukipata njia, irudishe kwa yule mama mwenzangu." Sikupata njia. Nchi ile iliingia vitani, namba tuliyokuwa nayo ikawa hailii, na miye nikaingia biashara, Dubai, kisha huku. Kofia natembea nayo mkobani, ndani ya mfuko wa hariri. Nimeshavuka nayo mipaka mingi, mwenyewe haimfikii.

Basi wiki iliyopita, nilipomsikia yule mwenye mkahawa anavyotamka, matamshi yaleyale ya kusini, moyo ulinidunda. Nikafanya nisilolifanya tangu utotoni. Nikakiweka kikombe mezani, kimejaa, nikakunja mikono.

Alikuwa anafuta meza. Aliacha. Akavuta kiti, akakaa mbele yangu, akanyooka kama yuko mbele ya wazee wa kwao. "Kunywa, mama," akasema. "Ulitakalo umepewa."

Nikaitoa kofia. Kwa Kiarabu changu cha Baba nikamtajia kijiji, nikamweleza mama, mzee, ukuta, msumari. Nikamwambia akipata mtu wa kwenda, airudishe.

Aliishika kwa mikono miwili. Nje mtu na mkokoteni anapiga kelele apishwe. "Shangazi yangu aliolewa kijiji hicho," akasema mwishowe. "Mtaa wa karibu na makaburi umelala chini wote. Hapana nyumba iliyosimama. Waliokuwa hai walihama, na hao wazee wawili unaowataja hawakutaka kuhama, wakafia humo." Akanirudishia kofia, na macho yake hayakuweza kuyatazama yangu. "Mama, niombe kingine. Hiki sikiwezi."

Nilimwona anavyotahayari, mtu wa watu wale, kikombe cha mgeni kinapoa mbele yake na yeye hana la kutoa. Nikakumbuka mtoto aliyekunja mikono juu ya zulia, na kitu pekee alichokuwa anakitaka siku ile.

"Basi niletee kitu kitamu," nikamwambia.

Aliinuka upesi, karibu aangushe kiti. Akaniletea sahani ya halua ya ufuta, akaimega mwenyewe vipande vidogo vidogo, kama anavyomegewa mtoto. Nikala. Nikanywa kahawa yote mpaka machicha, chungu vilevile, nikakitikisa kikombe kwa vidole, nikampa mkononi.