Omega Iliyokosekana Ukurasa wa 63

Mvua inapiga mabati ya mtaa wa Majengo na Mwamvita Safari haisikii. Amekaa mbele ya kompyuta, khanga mabegani, vidole vimetulia juu ya kibodi. Kwenye kioo kuna mshale mmoja mrefu, unatoka kwenye herufi X kwenda kwenye herufi Y, naye anautazama kama mtu aonaye njia ya kwao kwa mbali.

"Huu unaitwa uhamisho," ananiambia taratibu. "Nimeuchapa zaidi ya mara mia nne. Nikifumba macho nauona bado unakwenda."

Mwamvita, mwenye umri wa miaka 36, ana duka la stesheneri hapa mjini Mpanda. Siku nzuri hubaki na shilingi elfu kumi na mbili. Huchapa barua za kuomba kazi, mikataba ya mashamba na kadi za harusi. Shule aliishia kidato cha nne, na hesabu alipata F.

Miaka miwili iliyopita aliingia dukani Hilari Danford, mwalimu wa hesabu wa sekondari huko Magamba, amekumbatia madaftari makubwa saba. Alikuwa akisomea shahada ya uzamivu wakati wa likizo, lakini macho yalimsumbua, na daktari alikuwa amemkataza kukaa mbele ya kompyuta. Alitafuta mtu wa kumchapia.

Wachapaji wawili walikuwa wamekwisha kukataa. Mwamvita alifunua daftari la kwanza, akaona alama asizozijua zimejipanga kwa mwandiko mzuri, akajikuta amesema ndiyo. Kwa Jumamosi tano mwalimu alikaa pembeni yake akimfundisha programu ya kuchapia hesabu.

Alimweleza pia kazi yenyewe, kwa kuwa Mwamvita aliuliza. Kuna semi za mraba, alisema, kama iksi mraba kutoa wai mraba. Baadhi yake hujifuta zenyewe, na hizo huhesabiwa sifuri. Zinazobaki hufanya kinachoitwa kundi la Witt, kwa jina la mwanahisabati Mjerumani. Uhamisho ni kuzichukua kutoka umbo moja la jiometri na kuzifikisha kwenye jingine bila kuziharibu.

"Sikuelewa hata nusu," anakiri Mwamvita. "Ila usingizini nilikuwa nasafiri. Naona mashamba ya Kasansa kwa baba yangu, na juu yake mashamba mengine, na vitu vinashuka polepole kutoka yale ya juu."

Alichoelewa ni mpangilio. Kila mshale wa uhamisho ulipoanza, pembeni ya X palikaa omega, herufi ndogo ya Kigiriki. Haikukosekana hata mara moja, mpaka alipofika ukurasa wa 63.

Alirudi nyuma kurasa kumi, akasonga mbele kumi. Ilikosekana hapo tu. Angeweza kuiweka mwenyewe akanyamaza, au kuchapa kama ilivyoandikwa, maana yeye ni nani mbele ya mwalimu? Kazi ilitakiwa chuoni baada ya wiki sita. Hilari alipokuja Jumamosi, Mwamvita alimwonyesha kwa ncha ya kalamu.

"Mwalimu, samahani. Hapa omega haipo. Umeiacha makusudi?"

Hilari aliinamia karatasi, akaufuata mstari kwa kidole. Kisha akaikunja, akaaga kwa sauti ndogo, akaondoka, mwavuli wake akausahau mlangoni.

Siku kumi na mbili hakuonekana. Mwamvita aliamini amemkosea mtu mzima kwa kujifanya mjuzi. Alichapa kadi za harusi za watu huku masikio yako mlangoni.

Siku ya kumi na tatu Hilari alirudi, amekonda, ana daftari la nane mkononi. Alimweleza kwamba bila omega, hatua ile haikuruhusiwa, na ikiwekwa, pande mbili za hoja yake hazikutani. Nadharia kuu ya kazi yake yote ilikuwa imesimama juu ya kosa. Ila alikuwa ameona njia: pale omega inapokuwa mraba wa kitu kingine, inaweza kuondolewa bila madhara. Nadharia ingekuwa nyembamba kuliko alivyotamani, lakini ya kweli.

"Wasimamizi wangu wawili waliipita," alimwambia. "Wewe dada yangu umeiona."

Mwamvita anasema aligeukia ukutani, akajifanya anatafuta karatasi.

Mwamvita alichapa upya kurasa arobaini kwa wiki nne. Mwezi wa tatu mwaka huu Hilari alitetea kazi yake mbele ya jopo na akafaulu. Kwenye ukurasa wa shukrani, baada ya mkewe Scolastica, kuna jina la Mwamvita Safari wa Majengo. Anakiri kwamba hilo nalo alilichapa mwenyewe, na alikosea herufi mara tatu.

Sasa amejiandikisha kurudia mtihani wa hesabu wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Kila Jumapili mchana Hilari humfundisha milinganyo, na hesabu iliyomshinda akiwa na miaka kumi na saba imeanza kumfungukia.

Najaribu kumuuliza itamsaidia nini dukani. Anatabasamu, macho yako mbali tena.

"Niliiona omega kwa sababu haikuwepo," anasema. "Nataka siku moja nijue ni kitu gani, ikiwepo."