Kilima Nilichokifuta Karibu na Boito

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, ambayo ningeweza kuinyoosha kwa sentensi moja tu, na sikuisema. Nakusimulia leo kwa sababu umeanza kazi ya kompyuta, na nimeona unavyotabasamu kazi yako ikitoka safi. Hata mimi nilikuwa hivyo.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea kuisha. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ya ramani ya kampuni moja ya chai huku Kericho. Kompyuta ilikuwa moja tu, imefunikwa kitambaa kama meza ya kanisani, na mimi ndiye niliyeijua. Mkubwa wangu kazini alikuwa Mzee Arap Bett, mpima ardhi. Mzee huyo alikuwa amevipanda vilima vyote kutoka Roret hadi Konoin kwa miguu yake, akipima na kuandika kwenye madaftari yaliyonuka moshi. Kompyuta hakuigusa. Nami, Mungu anisamehe, nilimwona mtu wa zamani.

Mwaka huo kampuni ilichonga kiwanja kidogo cha ndege upande wa Boito, ili wagonjwa wa mashambani wawahishwe hospitali. Rubani alikuwa Kapteni Odera, mtu wa kutoka ziwani, mpole, mwenye kucheka na kila mtu. Alikuwa na miezi mitatu tu kwetu na hakuijua milima yetu. Akaleta disketi za simuleta, ile programu ya kurusha ndege kwenye kompyuta, akaniomba nimtengenezee Boito ndani yake, afanye mazoezi kabla ya kwenda kwenyewe.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Nilichukua madaftari ya Mzee Bett, nikagawa nchi yote miraba midogo, na kila mraba nikauandikia kimo chake. Kompyuta ikageuza zile nambari kuwa picha: bonde jeusi, mlima mweupe. Hiyo ndiyo ramani ya vimo. Kutoka hapo ikachora kontua, ile mistari inayounganisha mahali penye kimo kimoja, na nikaichapa kwenye karatasi ili Kapteni aiweke gotini akirusha. Mistari ikienda mbalimbali, ujue mteremko ni mpole. Ikibanana, ujue kuna ukuta.

Sasa, juu ya kiwanja, kwenye ukingo wa bonde karibu na kona ya mto, mistari ilibanana mahali pamoja ikawa pete juu ya pete, kama jipu. Nikatazama nambari. Mraba mmoja ulikuwa juu kuliko majirani zake wote. Nikasema moyoni, mzee ameandika vibaya. Sikufungua daftari mara ya pili. Nilichukua vimo vya miraba ya kando, nikatafuta wastani, nikauweka pale. Mistari ikalala vizuri, laini kama nywele zilizochanwa. Nilifurahi mwanangu, siwezi kukudanganya.

Mzee Bett aliiona karatasi ikiwa mezani. Akaweka kidole palepale.

"Weri," akaniambia, maana kwetu kijana huitwa hivyo, "kichwa ya hapa iko wapi?"

"Ilikuwa makosa ya kuandika, mzee. Ilikuwa inaharibu mistari."

"Makosa ya nani? Hapo nilipanda mimi na hii miguu. Iko kilima, na juu yake iko miti ya bluugamu. Rudisha."

"Sawa mzee, nitarudisha."

Nilisema sawa ili aondoke. Kapteni alikuwa ameshachukua nakala yake, na kila jioni baada ya kazi alikaa kwenye kompyuta yetu akifuata lile bonde, akikunja kushoto baada ya kona ya mto, akitua. Alinipiga bega siku moja akasema, "Kiprono, ramani yako tamu sana. Hiyo kona naweza pita macho yakiwa yamefungwa." Ningemwambia vipi kwamba ina makosa? Nikajiambia nitarekebisha Jumatatu, kwa sababu safari yake ya kwanza ya kweli ilikuwa imepangwa Jumanne.

Jumamosi asubuhi mama mmoja mchuma chai akashindwa kujifungua huko Boito. Barabara ilikuwa tope tupu, na ukungu umelala juu ya mabonde. Kapteni akaulizwa kama anaweza kwenda. Akasema njia anaijua.

Alipita chini ya ukungu, akakunja kushoto baada ya kona ya mto, na kilima kikamtokea usoni. Wachuma chai walimtoa kabla ndege haijashika moto vizuri. Karatasi yangu iliungulia humo. Yeye akakatwa mguu wa kulia. Yule mama akapelekwa kwa trekta ya kubebea majani. Mama alipona. Mtoto hakupona.

Sikiliza sasa nilichofanya, kwa sababu hadi hapa ningeweza kuitwa mjinga tu. Habari iliponifikia, sikukimbia hospitali. Nilikimbia ofisini. Ilikuwa saa nne asubuhi, hakuna mtu. Nikafungua daftari la Mzee Bett, nikaona nambari yake, imeandikwa wazi kabisa. Nikairudisha. Nikachora kontua upya, nikachapa, nikaweka karatasi mpya kwenye faili, na ile ya zamani nikaitia jikoni, kwenye moto wa chai.

Wiki mbili baadaye wakaja wakubwa watatu kutoka Nairobi kuchunguza. Kapteni aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Akasema, "Kwa ramani yangu hiyo kilima haikuwa." Wakawasha kompyuta. Kilima kikawa hapo, na pete zake zote. Niliuona uso wake, mwanangu. Aliangalia ile skrini kama mtu aliyerudi kwake akakuta nyumba imehama.

Mzee Bett akasimama bila kuulizwa. "Hii ya leo si ile mimi niliona. Ile ilikuwa laini hapa. Nilimwambia huyu kijana arudishe."

Mkubwa mmoja akanigeukia. "Ulibadilisha?"

"Hapana, mkubwa," nikasema. "Mzee siku hizi macho yamechoka."

Wakacheka kidogo, kicheko cha adabu. Mzee Bett akakaa chini. Ripoti ikasema rubani aliingia kwenye ukungu kwa uzembe. Akanyang'anywa leseni. Mwisho wa mwezi Mzee Bett akaambiwa apumzike, kwa vile macho yamechoka, na mimi nikapewa meza yake.

Siku alipokuwa akifunga madaftari yake kwa kamba, alinisemesha mara moja tu. "Mguu wa rubani uliuvunja bila kutaka. Jina lake umevunja ukitaka." Akatoka.

Nilikaa miaka tisa. Nilioa, nikajenga, nikasifiwa kazini. Nilipochoka kujikimbia nilinunua sukari na majani ya chai nikaenda Merigi, kwa Mzee Bett. Nilimkuta zizini. Nikamwambia yote, nikilia. Alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameshika kamba ya ng'ombe.

"Umemwambia mwenye mguu?"

"Bado, mzee."

"Basi umepita kwake ukakuja kwangu. Mimi nilijua siku ile ile. Hujaniletea habari." Akainama akaanza kukamua.

Nikaenda ziwani. Kapteni Odera alikuwa na kibanda cha kutengeneza redio. Alinikumbuka, akanipa stuli, akaagiza soda. Nilipomaliza kusema, soda ilikuwa bado haijafunguliwa.

"Unajua," akasema polepole, "waliponionyesha ile kompyuta, nilianza kuamini nimeota. Nimewaambia watoto wangu ni mimi nilikosea. Mke wa yule mama mchuma chai... hapana, mume wake, nilimwandikia barua kuomba msamaha. Msamaha wa mtoto wake. Mimi." Akaziba uso. Kisha akasema, "Andika. Andika yote, uwapelekee wale wakubwa wa Nairobi."

Niliandika. Wakati huo ofisi ile ya ramani ilikuwa imeshafungwa. Nilijibiwa kwa mistari miwili kwamba jambo hilo lilimalizika zamani na faili halipo. Nilimpelekea Kapteni barua hiyo. Aliisoma, akaikunja, akaitia mfukoni. Nilinyoosha mkono wa kwaheri. Hakuushika, na hadi leo simlaumu.

Mwanangu, neno langu ni hili. Ukikuta kitu kinachoharibu uzuri wa kazi yako, usikifute kabla hujaenda kukitazama kwa macho yako au kumwuliza aliyekwenda. Mtu aliyekutangulia akikuambia rudisha, rudisha siku hiyo, usimpe "sawa" ya kumwondoa. Na ukikosea, maana utakosea, sema kabla ya chakula cha mchana. Watu wangenikasirikia mwezi, labda mwaka, na Kapteni angebaki na jina lake. Nilipochelewa, ukweli wangu haukumfaa mtu. Haukumrudishia Kapteni leseni wala Mzee Bett heshima yake mbele ya wale wakubwa, na hata mimi haukunipa usingizi.

Sasa nenda kazini. Mungu akupe mkono usiopenda sifa, na siku utakapoitwa mbele ya watu, akupe ujasiri wa kusema "ni mimi" ukiwa bado kijana. Ubarikiwe wewe na watakaoitegemea kazi yako bila kukujua hata jina.