Kikombe Nilichompelekea Mama Yako

Mwanangu, kabla hujaanza kuniheshimu, acha nikuambie: nakumbuka siku moja nilipompelekea mama yako kikombe cha mizizi ili akuzae haraka. Ndiyo, mimi. Niko kidato cha tatu, ndevu zangu zinahesabika, lakini wewe ni mtoto wa kaka yangu. Hapa Ekerenyo hiyo inatosha kunifanya babako, na nasaha zangu utazisikiliza hata ukiwa umelala.

Siku uliyotarajiwa ilikuwa imepita, na mama yako alikuwa amekatazwa kuinama shambani. Kikapu chake cha kuchumia chai kikaniangukia mimi likizo nzima. Kwenye kituo cha kuuzia majani akina mama walinipokea kwa vigelegele: "Mke mwenza amefika! Leo umesahau leso?" Mcheshi akichekwa, mwanangu, akili humtoka. Ili uzaliwe upesi nami nitue kikapu, nikaenda kwa mama mzee jirani anayechemsha mizizi ya kuharakisha uchungu, nikamletea shemeji kikombe kimoja.

"Itafanya kazi kweli?" akaniuliza.

"Kunywa, shemeji. Hata huyo mtoto amechoka kukaa humo."

Akanywa yote. Tukakubaliana mama yangu asijue.

Asubuhi yake mama yangu akatupeleka hospitali Nyamira, mimi nimebeba beseni na blanketi kama mkunga. Nesi akasema ataanzisha uchungu kwa dawa. Alipokuwa akitayarisha dripu akauliza, "Umekunywa kitu chochote? Hata cha kienyeji?"

Mama yako akamtazama mama yangu aliyesimama hapo, akatikisa kichwa. Macho yake yakanijia: nyamaza.

Shuleni tulifundishwa kwamba mficha uchi hazai, darasa zima tukaangua kicheko. Pale sikucheka.

"Amekunywa, sista. Mizizi. Nilileta mimi."

Nesi akaiweka dripu pembeni. "Hii yangu naingiza tone kwa tone, huku nikisikiliza moyo wa mtoto. Ikizidi, tumbo linabana bila kupumzika na mtoto anakosa hewa. Yako uliipima kwa kitu gani?"

"Kwa kikombe cha chai."

Akasikiliza tumboni. Tumbo likibana, moyo wako ulikuwa unapunguza mwendo, halafu unarudi shingo upande. Akamgeuza mama yako alale ubavu, akamwita daktari, wakakulinda hivyo mchana kutwa bila dripu. Nilikaa kwenye benchi, mdomoni sina mzaha hata wa kuazima.

Jioni ukalia. Ulilia vibaya, kama jogoo anayejifunza kazi, na bado sijasikia wimbo mtamu kuliko ule.

Basi shika hili. Dawa ya kuanzisha uchungu si adui, lakini makao yake ni pale penye sikio juu ya moyo wa mtoto. Usiinunue kimyakimya, usiichemshe jikoni. Na ukiulizwa umekunywa nini, sema, hata kama mama mkwe amesimama hapo hapo. Mungu akukuze, meno yako yaote bila homa, na akupe wacheshi wanaojua pa kukomea.

Nyanya yako, yaani mama yangu, alinisubiri mlangoni mwa wodi. Nilikuwa nimeshaandaa shavu kwa kofi. Akaniita "tata", yaani baba, anavyoniita akinipenda tu.

"Ungenyamaza, tata, saa hii tungekuwa tunalia. Njoo umshike mwanao. Lakini nawa mikono kwanza."